Mchagua Jembe Kiwanjani

Mchagua jembe si mkulima. Katika mchezo wa skwoshi methali hii hurushwa upesi kwa yeyote aonekanaye dukani akigeuzageuza raketi, akiipima uzito kwa kiganja na kuuliza nyuzi zake zimefungwa kwa ratili ngapi. Anayejua kucheza, huambiwa, atacheza na chochote. Hoja hii ina nguvu na nitairudia baadaye, kwa kuwa ndiyo pingamizi kubwa dhidi ya uandishi wote wa kutathmini vifaa. Lakini methali yenyewe haimsuti anayelijua jembe. Inamsuta anayejificha nyuma ya jembe ili asilime. Mkulima wa mchanga wa pwani na mkulima wa udongo mzito wa bara hawalazimiki kushika jembe la namna moja, na hakuna aliyewahi kuwaita wavivu kwa kulijua hilo. Dai langu ni kwamba tathmini nyingi za vifaa vya skwoshi zinampotosha mchezaji wa kisiwa cha Mombasa. Hazimdanganyi, ila hazimwambii zinasemea wapi. Akizisoma kwa macho ya kisiwani, orodha nzima ya ununuzi inapinduka juu chini: raketi, ambayo huandikiwa kurasa nyingi na kuwekwa mbele, inakwenda nyuma kabisa.

Tuanze na mpira, maana mchezo wenyewe ulianza nao. Skwoshi ilizaliwa katika shule ya Harrow huko Uingereza, karne ya 19, pale wanafunzi waliokuwa wakicheza mchezo wa zamani wa raketi walipogundua kwamba mpira laini unaobonyea ukutani unamlazimisha mchezaji akimbie zaidi na kufikiri zaidi kuliko ule mgumu. Jina la mchezo limetokana na kubonyea huko. Mpira wa leo una kipenyo cha milimita 40 na uzito wa gramu 24 hivi, uko wazi ndani, na ukiwa baridi ni kama tunda bichi: ukiudondosha, unakaa pale pale. Kinachoupa uhai ni joto. Kila unapopigwa, raba yake hujikunja na kujikunjua, na sehemu ya nguvu ya pigo hubaki humo ikiwa joto, nayo hewa iliyofungiwa ndani hutanuka. Ndiyo sababu wachezaji huanza kwa kuupasha, wakiupiga na kuupiga kabla ya kuhesabu pointi. Rangi za nukta zilizochapwa juu yake ni lugha ya joto hilo hilo. Wenye nukta mbili za manjano ndio mzito kuamka, nao hutumika katika mashindano. Wa nukta moja ya manjano huruka zaidi kidogo, wa nyekundu zaidi, na wa buluu, ambao kwa kawaida ni mkubwa kuliko wenzake, hupewa mtu anayejifunza.

Shirikisho la kimataifa la skwoshi huupima mpira wa mashindano katika viwango viwili vya joto. Kwenye nyuzijoto 23 unatakiwa kuruka angalau asilimia 12 ya kimo ulichodondoshwa, na kwenye nyuzijoto 45, ambalo ndilo joto la mpira uliokwisha kuchangamka, unaruka zaidi ya robo ya kimo hicho. Tazama hiyo 23. Kwa aliyeandika kanuni, hicho ndicho kipimo cha mpira uliopoa. Kwa Mombasa, hilo ni joto la usiku wa Julai, kusi likivuma na watoto wakivalishwa sweta. Mwisho wa kaskazi, Februari na Machi, mchana hufika nyuzijoto 32 au 33, na mpira hutoka mfukoni ukiwa umekwisha kupashwa nusu ya njia. Zaidi ya hapo, ukishapata moto haupoi upesi. Mpira wa nyuzijoto 45 ndani ya chumba cha nyuzijoto 15 una tofauti ya 30 na hewa inayouzunguka, ilhali ndani ya chumba cha nyuzijoto 30 tofauti ni 15 tu. Kwa kuwa kasi ya kupoa hufuata ukubwa wa tofauti hiyo, mpira wa kisiwani hupoteza joto kwa takriban nusu ya kasi ya ule wa ukumbi wenye baridi. Mchezaji akisimama kufuta jasho kati ya pointi mbili, mpira unamngoja ukiwa macho.

Kwa hiyo ushauri unaorudiwa kila mahali, kwamba anayeanza anunue wa buluu au nyekundu na asithubutu kugusa nukta mbili, umetoka mahali ambapo anayepiga polepole hawezi kamwe kuupasha mpira mzito. Kwetu hali ya hewa inampashia. Naona mtu mzima anayeanza Mombasa anafaa kushuka daraja moja kuelekea uzito: pale mwongozo unaposema nyekundu, achukue nukta moja ya manjano, vinginevyo atajifunza mchezo wa kungoja mpira urudi kutoka ukuta wa nyuma badala ya kuufuata. Wala asidhani kwamba tathmini iliyoandikwa Nairobi itamfaa kwa sababu tu ni ya nchi yake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa karibu moja ya tano ikilinganishwa na pwani, na mpira uliofungwa hewa ndani yake hukutana na msukumo mdogo kutoka nje, ukaruka zaidi na kupaa kwa wepesi katika hewa nyembamba. Kwa miji ya miinuko hutengenezwa mipira maalumu. Mpira wa Nairobi unachangamshwa na mwinuko na wa Mombasa unachangamshwa na joto. Ukiutazama unaruka unaweza kudhani ni kisa kimoja, lakini dawa zake hazifanani, na anayemwambia mwenzake wa Mombasa anunue mpira wa miinuko anamtibu malaria kwa dawa ya kikohozi.

Kisha kuna chumba chenyewe. Mombasa Sports Club, iliyoanzishwa mwaka 1896, ndio mwaka ule ule ujenzi wa reli ya Uganda ulipoanza kisiwani, imo katika eneo la Mnazi Mmoja, si mbali na Mji wa Kale, na skwoshi ni mojawapo ya michezo iliyopata makao humo. Linganisha uwanja wa skwoshi na nyumba ya mawe ya Mji wa Kale. Chumba cha nyumba hiyo ni kirefu na chembamba, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki salama zaidi ya mita tatu hivi. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa, na katikati kuna ua unaovuta hewa moto juu na kuacha upepo wa bahari upite. Uwanja wa skwoshi una upana wa mita 6.4 na urefu wa mita 9.75, zaidi ya mara mbili ya kile boriti inachoweza kuvuka, na kanuni zake haziruhusu tundu wala dirisha mahali ambapo mpira waweza kugonga. Ni sanduku lililobuniwa kuwakinga watu na mvua ya Uingereza. Mwezi Mei, masika yakiwa yamekolea, watu wawili wakikimbia ndani ya sanduku hilo kwa dakika 40, unyevu wa pumzi na jasho lao hauna pa kwenda. Kuta zinaweza kutoa jasho zenyewe. Mpira ukigonga ukuta wenye umande huteleza badala ya kuruka, na sakafu yenye matone ni hatari kuliko mpinzani yeyote.

Ndipo tunapofika kwenye raba za kuvaa, na hapa sitaona haya kukawia, kwa maana ndipo pesa za mchezaji wa kisiwani zinapopaswa kwenda kwanza. Skwoshi ni mchezo wa kuchuchumaa, kunyoosha mguu mbele, kusimama ghafla na kurudi katikati. Raba za kukimbilia barabarani zimeinuliwa kisigino na kujazwa povu ili mtu aende mbele tu. Ukizivaa na kujitupa upande, mguu unabaki juu ya kilima kidogo kinachotaka kupinduka, na kifundo hulipa. Njumu hazihitaji hata kutajwa. Inayotakiwa ni raba ya ndani: chini chini, yenye ubavu imara na soli ya mpira laini usioacha alama sakafuni, maana kiwanja hakikubali soli nyeusi ichore mbao. Hayo yamo katika kila mwongozo. Yasiyomo ni yanayotokea kwenye raba hiyo ikikaa Mombasa.

Povu la katikati ya soli, baina ya mguu na mpira wa chini, katika baadhi ya raba ni la poliurethani. Aina nyingi za povu hilo huliwa na unyevu. Maji yaliyomo hewani hukata viungo vya kemikali vinavyolishikilia, polepole, na joto huharakisha kazi hiyo. Haihitaji kuvaliwa. Raba inaweza kukaa miaka sita ndani ya boksi, mpya kabisa, karatasi ya duka ikiwa bado ndani yake, na siku ya kwanza kiwanjani soli ikamomonyoka kama mkate mkavu. Mwandishi wa tathmini hupewa raba iliyotoka kiwandani juzi, huivaa wiki tatu na kuisifu kwa wepesi wake. Mnunuzi wa Mombasa huikuta ikiwa imevuka bahari ndani ya kontena, ikakaa ghalani, kisha dukani; au huikuta soko la Kongowea kwenye lundo la mitumba, imeng'aa, muuzaji akiiita kamera, yaani ya daraja la kwanza, na kuapa kwamba haijaguswa. Inawezekana ni kweli haijaguswa, na hilo ndilo la kuogopa. Kwa hiyo swali la kwanza kwa raba ya mitumba ni umri wake, na usafi uje baadaye. Kampuni nyingi huchapa tarehe ya kutengenezwa kwenye kilebo kidogo cha ndani ya ulimi au ubavuni. Pasipo tarehe, bonyeza povu kwa kidole gumba: likibaki na shimo, likinata, au likitoa nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, irudishe hata ukiuziwa bei ya kutupa.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna tathmini ya kigeni inayoligusa, ilhali kila mtu wa hapa analijua: raba mpya hupelekwa kwa fundi kushonwa. Gundi inayoshika soli hulegea kwa joto na majimaji, na fundi viatu aliyekaa kando ya barabara na sindano yake huizungusha uzi soli nzima kwa pesa kidogo, raba ikaishi maradufu. Kwa mchezaji wa skwoshi hili linazua kigezo cha ununuzi ambacho mtengenezaji hakukikusudia: je, soli hii inakubali sindano? Soli iliyopanda ubavuni kama kikombe hushoneka vizuri. Soli nyembamba iliyobandikwa chini tu, juu ya povu laini, hukatika palipotobolewa. Na fundi hodari huchimba mfereji mwembamba na kuuzamisha uzi humo, usije ukagusa sakafu na kumtelezesha mwenye kuvaa. Raba iliyopewa nyota tano kwa wepesi na isiyoweza kushonwa, kwetu ina nyota mbili.

Jasho linapindua mengine pia. Utepe wa mpini husifiwa kwa kunata, lakini kunata huko hujaribiwa kwa mkono mkavu. Kisiwani jasho hutiririka kutoka kwenye kiwiko hadi kwenye vidole, na utepe laini unaong'aa hugeuka utelezi kabla ya mchezo wa pili. Utepe wa kitambaa cha taulo hunywa jasho vizuri, kisha chumvi ikikauka huwa mgumu kama ngozi ya papa. Kuliko kutafuta utepe bora wa dunia, afadhali kununua tepe nyingi za bei nafuu na kuzibadilisha kabla hazijachoka, pamoja na kitambaa cha kifundo cha mkono. Vivyo hivyo nguo. Fulana za kisasa husemwa kuwa hukausha jasho, lakini kitambaa hakikaushi kitu. Huling'oa jasho mwilini na kulitandaza ili hewa ilichukue, na hewa ya Aprili imekwisha kushiba maji. Fulana mbili za kawaida, moja ikingoja kwenye begi, zinashinda moja ya gharama. Na wanawake wa Mombasa wanaocheza wakiwa wamejifunika kichwa na mikono hawamo kabisa katika tathmini nyingi, ingawa wao ndio wanaohitaji kuambiwa uzito wa kitambaa kwa gramu kuliko mtu yeyote. Ajabu ya mji huu, ambao umeuza na kupima vitambaa kwa karne nyingi na ambamo mnunuzi wa leso pale Biashara Street huifikicha ncha kwa vidole kabla ya kutaja bei, ni kwamba ujuzi huo huishia mlangoni mwa duka la michezo.

Kuhusu macho nitasema kwa ufupi, kwa sababu hapa sina la kubishana. Mpira wa milimita 40 unaenea katika tundu la jicho. Miwani ya kinga ya polikaboneti ni lazima kwa vijana na kwa mchezo wa wawili wawili katika mashindano ya shirikisho la kimataifa, na fremu tupu isiyo na kioo haitoshi, maana mpira hubonyea ukapenya. Wanaolalamika kwamba miwani hupata ukungu kwa unyevu wa pwani wanasema kweli. Basi watafute yenye matundu pembeni na iliyoachana kidogo na paji la uso, na tathmini ituambie hilo badala ya kutuambia rangi zake.

Sasa pingamizi. La kwanza ni la methali, nalo lina shahidi mkubwa: Hashim Khan, mtoto wa kijiji cha Nawakille karibu na Peshawar, ambaye baba yake alifanya kazi katika klabu ya maofisa Waingereza. Alikuwa akiokota mipira iliyoruka ukuta, na wakubwa wakishaondoka kukimbia jua, alicheza peke yake, peku. Mwaka 1951, akiwa ameshapita miaka 30, alikwenda London akashinda British Open, na akaja kuishinda mara saba kwa jumla. Alikuwa na kifaa gani? Ukweli ni kwamba kisa chake kinanisaidia mimi. Mguu mtupu juu ya sakafu kavu ni soli bora: uko chini kabisa, unashika, haupinduki. Alichokikosa ni raketi nzuri, ambayo si kitu sana. Alichokuwa nacho ni mshiko wa sakafu na mpira uliopashwa na jua la Peshawar, navyo vilimtosha kujifunza. Anayemtaja Hashim Khan ili kudharau vifaa anasahau kuuliza ni kifaa kipi hasa alicheza bila kuwa nacho.

La pili husema kwamba mchezo wa kisasa unahamia kumbi zenye viyoyozi na kuta za kioo, na kwamba skwoshi ikiingia Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, kama ilivyoamuliwa mwaka 2023, hali za mahali zitakuwa hazina maana. Kwa bingwa, labda. Lakini kiyoyozi hakiingii ndani ya boksi la raba lililokaa ghalani, wala kwenye begi lililoachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani Makadara tangu asubuhi. La tatu ndilo zito zaidi: mtu mwenye pesa chache atacheza vipi bila raketi? Nami najibu kwamba raketi huazimwa. Watu wawili hawachezi kwa raketi moja, lakini wanne wanaweza kupokezana raketi mbili jioni nzima. Raba ya mwenzako haikutoshi, na ikikutosha bado imeshika umbo la mguu wake.

Basi raketi, mwishoni, na bila kudharauliwa. Kanuni zinairuhusu ifike urefu wa milimita 686 na uzito wa gramu 255, lakini fremu za kaboni za leo, kabla ya nyuzi, zina gramu 110 hadi 140, ambapo za mbao za zamani zilizidi 200. Tathmini huzigawa baina ya zenye kichwa kizito, zinazosukuma mpira kwa nguvu, na zenye kichwa chepesi, zinazotii kifundo cha mkono. Anayeanza hushauriwa achukue ya nguvu, kwa kuwa mpira uliopoa unahitaji msaada. Kisiwani msaada huo umekwisha kutolewa na hewa. Mpira unaoruka hivyo hauhitaji kusukumwa. Unahitaji kuzuiwa, ufie karibu na bati la chini ya ukuta wa mbele, na hiyo ni kazi ya kichwa chepesi na nyuzi zilizokazwa. Nyuzi za nailoni nazo hulegea upesi zaidi kwenye joto, kwa hiyo aliyezoea ratili 25 ughaibuni hatakosea akimwambia fundi aongeze moja au mbili. Bei ya juu hununua gramu chache pungufu na rangi ya bingwa fulani aliyelipwa kuibeba, na fremu nyepesi kupita kiasi ndiyo ya kwanza kupasuka ikigonga ukuta, jambo ambalo anayejifunza hulifanya kila jioni. Raketi ya daraja la kati, hata iliyokwisha kutumiwa, ikigongwa kwa ukucha na kutoa mlio mmoja usio na mkwaruzo, inamtosha mtu miaka kadhaa.

Vifaa vikitunzwa, lakini. Mipira, nyuzi na raba hupaswa kuhifadhiwa mahali pakavu penye ubaridi, na hakuna mtengenezaji atakayekupa ushauri tofauti. Ni maneno mazuri, na kwa miezi mitatu ya kusi huenda yakatimizwa kwenye kabati la mbao lililo mbali na ukuta wa nje. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mahali pa namna hiyo katika nyumba nyingi za kisiwani ni pamoja tu, napo ni friji, na humo wameshalala samaki.